Mtani Alisema Tunaosha Maiti, na Seva Ikafa Kweli

Shangazi Mwanne, shikamoo.

Natumaini u mzima hapo gazetini, mimi nina uzima wa mwili tu, moyo umechafuka, na nakuomba barua yangu uitangulize mbele ya zile za mapenzi, kwa sababu wenye mapenzi wanaweza kungoja lakini mimi kuna mtu anapanda basi Jumamosi kurudi kwao Namasakata, na akipanda ataondoka hapa mjini akiitwa mchawi, na mimi ninajua kwamba si mchawi, tena najua vizuri kabisa, na nimekaa kimya kama niliyemeza gundi.

Nianzie mwanzo usije ukapotea. Mimi ni msichana wa Majengo, hapa Songea, nafanya kazi kwa mjomba wangu Gaspari, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilea baba alipofariki, akanipeleka Dar es Salaam kusomea kompyuta wakati mabinti wenzangu wanapelekwa kwenye cherehani. Mjomba alikuwa mtu wa chama cha ushirika, mambo yalipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kujaribu la kwake, akaacha kazi akafungua ofisi ya kuandika programu za kompyuta, mji mzima ukamcheka, eti Gaspari anauza kitu kisichoshikika, lakini leo zahanati za misheni zinatumia programu yetu ya dawa, sekondari zinatumia ya matokeo ya wanafunzi, wanunuzi wa kahawa kule Mbinga nao wana ya kwao, na wale waliocheka ndio wanaoleta watoto wao wafundishwe. Wanaoandika programu ni wawili tu, mimi na mwenzangu Twaha. Mjomba yeye haandiki, anaongea na wateja, na kuongea anajua.

Sasa Shangazi, programu haiandikwi siku moja ikaisha, unabadilisha leo, kesho unagundua umeharibu, unataka urudi kwenye ile ya juzi iliyokuwa nzuri, kwa hiyo tulikuwa na kompyuta moja ya pekee, seva, haina kazi nyingine ila kutunza programu zetu zote pamoja na mabadiliko yake yote tangu siku ya kwanza, nasi tulikuwa tunaiita Ghala. Hatukuweza kuliweka kwa watu wa mbali maana intaneti ya huku kwetu unaijua, inakuja kama mgeni mwenye haraka, inaaga kabla hujaikaribisha. Ghala lilikuwa letu, ndani ya chumba chetu, na tulilitunza wenyewe.

Shida ilikuwa hicho chumba. Kilipakana na mashine ya kusaga, ikianza kusaga ukuta unatetemeka, na ukifungua kompyuta unakuta unga wa kutosha kupika uji. Seva yenyewe ilikuwa ya mtumba, feni yake ilikoroma mpaka wateja wanauliza nani kalala humo ndani. Basi mjomba akapata chumba kizuri kwenye jengo jipya, kina dari, kina vigae, akaagiza seva mpya kutoka Dar, mpya kabisa si mtumba, ikaja kwenye lori imelazwa juu ya godoro kama mgonjwa. Mimi na Twaha tukahamisha Ghala zima kutoka la zamani kwenda jipya, kazi ya kuchosha hiyo, kunakili, kulinganisha moja moja, kurudia pale paliposita, na nakuapia halikupotea hata nukta. Twaha akasema la zamani tulizime tu, tuliweke pembeni lilivyo hata mwezi mmoja, akamwambia mjomba, "Mzee, mtu anayehama habomoi nyumba ya zamani kabla hajalala kwenye mpya mvua ikanyesha." Mjomba hakutaka kusikia. Alikuwa ameshawaahidi masista ile kompyuta ya zamani kwa ajili ya shule yao ya ufundi, akataka aikabidhi mbele ya watu siku ya ufunguzi, ikiwa safi, haina kitu ndani. Akaniambia futa. Nikafuta. Twaha alinitazama tu, akaenda kunywa chai.

Hapa lazima nikueleze kuhusu Twaha. Ni Myao wa Tunduru na sisi ni Wangoni, kwa hiyo ni mtani wetu, na utani anaujua hasa. Akiingia asubuhi anasema, "Wakimbizi, mmeamkaje? Afrika Kusini bado hawajawatumia nauli ya kurudi?" nami namjibu, "Afadhali sisi tulikimbia, nyie mnakaa chini ya mkorosho mnangoja korosho ianguke yenyewe, halafu mnasema mmetoka kazini." Bibi yetu alipofariki Twaha alikuja msibani akajifunga kanga ya marehemu, akakaa kwenye mkeka wake akaanza kumgombeza mjomba kwa sauti ileile ya bibi, "Gaspari! Umekonda! Huyo mkeo anakulisha majani?" na mjomba ambaye alikuwa hali wala halii, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akalia vizuri, ndipo akala. Kwa hiyo utani kwetu si jambo geni, Shangazi, ndiyo maana haya yaliyotokea yananichanganya.

Siku ya ufunguzi walikuja watu wengi, masista, walimu, majirani, na Padre wetu kuja kubariki chumba na Ghala. Padre ni mzee mwema sana, tunampenda, ila mkono wake si mdogo, akibariki harusi bibi harusi hubadilisha nguo. Alikuja na ndoo yake ya maji ya baraka na kifungu cha majani. Mjomba kwa furaha akamwambia, "Baba, hili sanduku la nje ni bati tu, mambo yenyewe yako ndani," akachukua bisibisi akafungua kifuniko cha ubavuni, ndani taa ndogo za kijani zinawaka, feni inazunguka, watu wakasogea kuona. Mimi nikamnong'oneza, "Mjomba, basi tuizime kwanza." Akanijibu kwa sauti ili wote wasikie, "Binti, baraka haimwingii mtu aliyelala!" Watu wakacheka. Padre akachovya majani kwenye ndoo. Ndipo Twaha, kasimama mlangoni, akasema, "Jamani watani, kinachooshwa ni maiti, huyu mnayetaka kumwosha bado anapumua!" Wote tulicheka, mjomba alicheka, Padre mwenyewe alicheka akamwambia, "Ngoja, Myao wewe, yakibaki tutakuosha na wewe." Akainua mkono.

Alinyunyiza mara ya kwanza, akanyunyiza mara ya pili, ya tatu tukasikia "pa!" na kamoshi kembamba kakapanda, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ndiyo inaanza kazi. Mjomba akapiga makofi. Mimi na Twaha tukatazamana. Feni ilikuwa imesimama.

Halijawaka tena mpaka leo. La zamani liko kwa masista, tupu, wasichana wanajifunzia kuandika barua. Kwenye kompyuta zetu sisi wawili kuna vipande vya kazi tulizokuwa tunazifanya wiki hiyo tu, mengine yote yalikuwa Ghalani.

Sasa sikia balaa lenyewe. Jioni ileile Mama Ida, mke wa mjomba, akasema, "Lakini mmemsikia yule kijana? Kasema maiti, na maiti imekuwa. Kinywa cha watu wa Tunduru si cha kuchezea." Mwanzo ilikuwa kama mzaha, Jumapili baada ya misa ikawa habari, Jumatatu wanawake wa sokoni walikuwa wanamkwepa Twaha, wanahamia upande wa pili wa barabara. Na mjomba, Shangazi, mjomba aliyekuwa amekaa na aibu yake bila kusema, nilimwona usoni amepata pa kujishikiza. Akafunga kile chumba, akatia ufunguo mfukoni, akasema haingii mtu mpaka Twaha atengue maneno yake mbele ya ndugu na majirani. Twaha akamjibu kwa heshima, "Mzee Gaspari, mwenye cha kutengua ni mchawi. Mimi nilikutania. Nikitengua nimekiri, na nina watoto." Mjomba akamwambia basi arudi kwao. Ndiyo hiyo Jumamosi.

Nilimfuata Twaha nikamuuliza mbona hasemi habari ya maji, wakati aliona kama mimi nilivyoona. Akanijibu, "Dada yangu, mimi Mwislamu nisimame Majengo niseme maji ya Padre yameua? Bora niitwe mchawi." Akaendelea kukunja mashuka yake.

Na kuna jambo jingine linaloninyima raha. Maji ya baraka hutiwa chumvi, na chumvi ikikaa kwenye vyuma vya ndani inavila polepole. Mimi naamini diski yenye programu bado nzima, ilikuwa chini kabisa upande wa pili, nikiitoa nikaifunga kwenye kompyuta nyingine Ghala linaweza kurudi lote, lakini kila siku inayopita mlango ukiwa umefungwa inapunguza hiyo bahati. Ili nifungue lazima niombe ufunguo, nikiomba ufunguo ataniuliza unakwenda kutafuta nini, jibu ni maji, na nikisema maji nimesema Padre, na nikisema Padre nimesema bisibisi, na bisibisi ilikuwa mkononi mwa mtu aliyenisomesha.

Nimefikiria mengi. Nilitaka nimbembeleze Twaha atengue tu yaishe, maneno matupu hayavunji mfupa. Nilitaka niseme umeme uliruka. Halafu nikapata wazo ambalo mimi naliona zuri sana. Yupo Myao mwingine, Salum, anauza mitumba ya mashuka, naye ni mtani wetu, nimweleze yote, aje nyumbani siku moja amwambie mjomba kiutani, "Mngoni wewe, umeitia kompyuta chumvi kama samaki wa kukausha!" Neno la mtani haliudhi, mjomba atacheka, atakuwa amesikia ukweli, na mimi nitakuwa sijamkosea adabu mkubwa wangu. Unaonaje, Shangazi? Nishauri lolote nitalifanya, ila tafadhali usiniambie nikamwambie mjomba mwenyewe. Hilo siwezi. Yule ni mjomba wangu.

Ni mimi,
Mtunza Ghala, Majengo, Songea

SHANGAZI MWANNE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nisikufiche, nilipofika kwenye vigelegele nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Nikawasomea, nao wakacheka, mhariri akashikilia meza. Baadaye nikaisoma tena peke yangu, na mara ya pili sikucheka.

Kabla sijaendelea, ujue unaongea na nani. Mimi ni Myao, nimezaliwa Nakapanya, kwa hiyo wewe na mjomba wako na Mama Ida, hata Padre wenu kama ni Mngoni, wote watani zangu, leo nitawasema na hamna pa kunishtaki. Wangoni! Mmetembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini, mkavuka mito yote ile na mizigo yenu kichwani haikulowa, mkaja kulowesha kompyuta chumbani, chini ya dari! Tena mmemshika Myao ndiye mkosaji! Loh, kweli uso umeumbwa na haya, wenu mliuacha njiani.

Haya, sasa nisikilize wewe.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Habari ya mjomba huna haja ya kunifundisha. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye ukoo, akikohoa nje watoto wanaacha kucheza. Najua ulimi unavyokuwa mzito mbele ya mtu aliyekuvalisha viatu vya kwanza vya shule. Lakini mwanangu, mjomba akitembea sokoni suruali imechanika nyuma, adabu si kukaa kimya. Adabu ni kumsogelea ukamwambia polepole. Wewe umemwacha azunguke mji mzima hivyo hivyo, na unaniambia unamheshimu.

Hilo wazo lako la Salum unalolipenda sana, wallahi lilinikera kuliko yote. Unataka mtani akubebee mdomo wako. Kwani mtani alinyamaza? Mtani alisema! Alisimama mlangoni, maji bado yako kwenye majani, akawaambia huyu bado anapumua. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, mwanangu, kukuambia wazi lile ambalo ndugu zako wameshindwa kulisema, na kukupa kicheko ili usione aibu kulisikia. Wewe ulinong'ona, yeye akapaza sauti, na wote mkacheka mkaendelea kumwaga. Angesikilizwa, leo Ghala lingekuwa linawaka. Sasa Myao wa kwanza amesema kweli amefukuzwa kazi, na wewe unamtafuta Myao wa pili umtume kulekule! Salum akiitwa mchawi naye utamwendea nani? Mimi?

Na usithubutu kumwambia Twaha atengue. "Maneno matupu hayavunji mfupa," hiyo methali naijua, lakini aliyeitunga hakuwahi kuitwa mchawi sokoni. Yule kijana amekueleza vizuri sana, kwa maneno machache, ana watoto. Wakikua Namasakata kila kuku wa jirani akifa watatazamwa wao. Habari ya umeme nayo iache, mzigo wa uongo unapoubeba leo kesho utaongezewa mwingine.

Mama Ida simlaumu sana, alimwona mumewe ameaibika akamtafutia pa kujificha, wake ndivyo tulivyo. Ila pale alipomficha pana mtu chini yake, na mtu huyo anakanyagwa. Mjomba wako akishasema ukweli, mwambie na yeye Mama Ida apite kwa wale wanawake wa sokoni mmoja mmoja, aliyepeleka habari ndiye anayejua njia ya kuirudisha.

Padre mwache na amani yake. Hakuna aliyesema baraka ni mbaya. Mtoto naye hubatizwa kwa maji, lakini hakuna anayempasua tumbo kwanza ili maji yaingie vizuri. Padre aliombwa abariki, akabariki kilichowekwa mbele yake. Mzee anayejibu utani vile, "yakibaki tutakuosha na wewe," akielezwa atasikitika na atakuwa wa kwanza kwenda kwa Twaha. Huenda mngemwambia siku ileile angekuwa ameshayamaliza. Mmemkinga mtu ambaye hakuomba kukingwa.

Na wewe mwenyewe, binti msomi, sikuachi. Uliambiwa futa ukafuta! Mimi kompyuta naijua kwa kuiona tu juu ya meza ya mhariri, lakini hata bibi yangu Nakapanya hakuwahi kupanda mbegu zote za mwaka mmoja, kila mara anaacha nyingine zinaning'inia juu ya moto jikoni, mvua ikimdanganya anazo. Twaha alikwambia, ulijua ana haki, ukamtazama akaenda kunywa chai. Hapo palikuwa pa kusema "mjomba, hapana" kwa mara ya kwanza. Ulipapita. Bisibisi ilipotoka palikuwa pa mara ya pili, napo ulinong'ona. Usipapite na hapa.

Sasa utafanya hivi. Usiende ofisini, ofisini yeye ni bosi na kuna watu. Nenda nyumbani kwake akiwa amekwisha kula, mtu mwenye njaa hashauriki. Msalimie, kaa chini, usizunguke habari za mvua na afya. Umeniandikia mimi kurasa nyingi, mimi nisiyekujua, lakini ya kumwambia yeye ni machache: "Mjomba, Twaha hakuua kitu. Ni maji, tulikuwa tumefungua tukaacha imewashwa, na mimi nilijua nikanyamaza. Naomba ufunguo, programu bado zinaweza kupona." Sema "tulikuwa tumefungua," usiseme "ulifungua." Hiyo ndiyo adabu unayoitafuta, mwanangu, inatosha kabisa, wala haihitaji muuza mashuka.

Atakasirika. Mwache akasirike. Anaweza kukuambia umekuwa mkubwa siku hizi, anaweza kukukumbusha ada ya shule. Usijibu, usilie, usiondoke. Mtu aliyeacha kazi ya ushirika akaenda kuuza kitu kisichoshikika huku mji unamcheka si mwoga, huyo amechekwa kabla ya leo na hakufa. Anachoogopa ni kuanza yeye. Msaidie kuanza.

Ukipewa ufunguo, nenda na Twaha. Nasema na Twaha, sikiliza vizuri, asiingie wa kwanza mwingine yeyote kwenye chumba kile. Chomoeni waya ukutani kabla hamjagusa kitu, toeni hiyo diski, mkaifunge kwenye kompyuta nzima, na kabla hamjafurahi mnakili kila kilichomo sehemu mbili, moja ikae kwa mjomba, nyingine ilale nyumba nyingine kabisa, kwa masista huko kama watakubali. Insha'Allah mtavikuta. Msipovikuta, mtaandika upya, na mtaandika haraka zaidi mkiwa wawili kuliko wewe ukiwa peke yako na mjomba anayeongea na wateja.

Na mjomba ana deni la heshima. Kwenye utani anayenuna ndiye anayetozwa, hilo Mngoni analijua na Myao analijua. Akachukue jogoo, jogoo wa maana si kifaranga, ampelekee Twaha mwenyewe kwa mkono wake mchana watu wakiona, amwambie amemnunia mtani na amekosa. Twaha atamtukana kidogo, itabidi avumilie. Siku ya kuwasha tena Ghala mwiteni Padre vilevile, kifuniko kikiwa kimefungwa, abariki mlango.

La mwisho. Barua yako ilikuja na majina ya watu wote wazi wazi, nimeyabadilisha mimi hapa mezani. Lakini hebu niambie, Songea kuna seva ngapi zilizobarikiwa zikiwa zimefunguliwa ubavu? Mjomba wako akiona kichwa cha habari tu atajijua. Nimemwomba mhariri asingoje Jumapili, aitoe leo Alhamisi, na kama wewe umeshaisoma basi na yeye gazeti liko njiani linamfuata. Ama atasikia kwako akiwa amekaa kwenye kiti chake nyumbani, ama atasikia kwangu akiwa amesimama kwa muuza magazeti, watu wanamchungulia begani. Chagua mwenyewe ipi ni adabu. Weka gazeti chini, mwanangu, uende.